Tovuti ya karakana yetu ilitoweka: sasa tutengeneze nyingine kwa njia ipi?

"Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, na mafundi sita. Tunatengeneza makochi, vitanda, meza za chakula na makabati kwa oda, na wateja wengi wanatupata kupitia Instagram na WhatsApp. Mwaka juzi kijana mmoja alitutengenezea tovuti kwa shilingi 400,000, yenye jina la biashara yetu na .com mwishoni. Baada ya mwaka mmoja ikatoweka, simu ya yule kijana haipatikani, na sina nywila wala karatasi yoyote. Mwezi uliopita meneja wa hoteli ndogo ya Bagamoyo alitaka vitanda 24, akaniomba anwani ya tovuti ili awaoneshe wenye hoteli, nikakosa cha kumjibu. Sasa nimeletewa mapendekezo matatu. Kampuni moja inataka shilingi 3,200,000 za kutengeneza na 80,000 kila mwezi za matunzo, na inasema tutaweza kupokea malipo humo humo. Kijana mwingine anataka 500,000 kutengeneza kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, lakini hajasema lolote kuhusu baadaye. Binti yangu anasema tujitengenezee wenyewe kwa Wix, huduma ya mtandaoni ya kujijengea tovuti, kwa kiasi cha dola 17 kwa mwezi. Sitaki kudhulumiwa tena, na sitaki kulipia nisichokihitaji. Nichague lipi?"

Ndugu yangu, pole kwa yaliyokupata. Swali lako linauliza bei, lakini nikilisoma kwa makini naona kinachokusumbua zaidi ni hofu ya kulipia kitu kwa mara ya pili na kukipoteza kwa njia ile ile. Hofu hiyo ina msingi, nami nitaanza nayo, kwa sababu ukishaelewa kilichoiangusha tovuti ya kwanza, kuchagua kati ya mapendekezo hayo matatu kutakuwa rahisi kuliko unavyodhani.

Watu wengi huamini kwamba tovuti ni kitu kimoja ambacho fundi hukitengeneza, akakukabidhi, kikawa mali yako moja kwa moja. Kwa kweli ni vitu vitatu, na kila kimoja kina malipo yake na mmiliki wake. Cha kwanza ni jina, yaani kikoa, ambalo halinunuliwi milele bali hulipiwa kwa mwaka mmoja au zaidi kwa msajili wa majina. Cha pili ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana ili mtu akiandika jina lako apate kurasa zako. Cha tatu ni tovuti yenyewe: maandishi, picha na programu inayozipanga. Kwa lugha ya mtaani kwenu, jina ni kibao cha biashara, seva ni fremu uliyopanga, na yaliyomo ni samani zako. Kodi ikiisha mwenye fremu hufunga mlango, lakini mwenye kibao na samani zake anaweza kuhamia fremu nyingine, na wateja wakamfuata kwa sababu jina ni lile lile.

Kwa maelezo yako, inaelekea sana kwamba vitu vyote vitatu vilisajiliwa kwa barua pepe ya yule kijana. Msajili wa jina hutuma ukumbusho kwa barua pepe iliyo kwenye akaunti, si kwa mwenye biashara, kwa hiyo wewe hukuweza kujua kwamba muda umekwisha. Huenda hata hakukusudia kukudhulumu. Vijana wengi wanaofanya kazi hii huweka wateja kumi au ishirini katika akaunti moja ya seva, na siku anapopata ajira au anaposhindwa kulipia, wateja wote huanguka pamoja. Matokeo kwako ni yale yale. Ndiyo maana nasema kwamba kosa halikuwa shilingi 400,000, wala halikuwa kumpa kazi kijana badala ya kampuni. Kampuni kubwa nayo inaweza kusajili jina lako kwa akaunti yake, na mara nyingi hufanya hivyo.

Kabla hujaliacha jina la zamani, litafute kwenye huduma ya bure ya kuulizia vikoa ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani; huduma hiyo itakuonesha kama bado limesajiliwa, kwa msajili gani, na tarehe ya mwisho wake. Jina la .com likiisha muda halifutwi papo hapo. Msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45, kisha hufuata siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa kwa kulipa faini, halafu siku 5 za mwisho, ndipo hubaki wazi kwa mtu yeyote. Kama halina mwenyewe, lisajili leo kwa akaunti yako. Kama limesajiliwa na muda wake haujaisha, mwandikie msajili ukiambatanisha cheti cha jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba yako ya mlipakodi, na ujumbe wa simu unaoonesha kwamba ulimlipa yule kijana. Nakushauri usijenge matumaini makubwa, kwa sababu msajili humtambua aliyeandikwa kwenye usajili kuwa ndiye mwenye jina. Na ukikuta limechukuliwa na mfanyabiashara wa majina anayetaka mamia ya dola, liache.

Jina linaloishia .co.tz litakufaa vizuri, na katika hali yako ningelichagua hata kama la .com lingepatikana. Vikoa vya .tz viko chini ya usimamizi wa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na huuzwa na wasajili waliopo hapa nchini, ambao unaweza kuwalipa kwa shilingi kupitia simu, ukawapigia, na hata ukaenda ofisini kwao jambo linapokwama. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza jina kwa sababu hakuwa na wa kumuuliza, faida hiyo ni kubwa. Lipia miaka kadhaa kwa mkupuo, kisha andika tarehe ya kuhuisha kwenye kalenda ya ukutani hapo karakana, si kwenye simu ya mtu mmoja.

Jambo jingine la kuliweka sawa ni kuhusu vitu vya bure. Instagram na WhatsApp vimekuletea wateja na usiviache; kwa karakana ya oda, hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapofanyika. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, na wafanyabiashara waliokuwa na mlango huo mmoja tu walikaa wakisubiri. Hali ya Google inafundisha zaidi. Kwa miaka kadhaa iliwapa wenye biashara ndogo tovuti za bure zilizotokana na wasifu wao wa biashara kwenye ramani, na Machi 2024 ikazifunga zote. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe alilielekeza kwingine akaendelea, na aliyekuwa ametegemea anwani ya Google akabaki na vipeperushi vyenye anwani isiyofunguka. Hii haina maana kwamba vya bure ni vibaya. Maana yake ni kwamba unaweza kutumia huduma yoyote ya mtu mwingine, ya bure au ya kulipia, alimradi jina wanaloliandika wateja liwe lako.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kulinganisha bei za kutengeneza peke yake, ilhali tovuti hukaa miaka na kila mwaka una gharama zake. Mimi hupiga hesabu ya miaka mitatu, kwa sababu baada ya muda huo tovuti nyingi ndogo huhitaji kufanyiwa ukarabati hata hivyo.

Kampuni inataka shilingi 3,200,000, na 80,000 kwa miezi 36 ni 2,880,000. Jumla ni 6,080,000. Wix ya dola 17 kwa mwezi ni dola 204 kwa mwaka, na tukiikadiria dola kwa shilingi 2,600 tunapata 530,400 kwa mwaka, au 1,591,200 kwa miaka mitatu, kazi yote ikiwa yenu. Kijana wa WordPress anataka 500,000, lakini hajakutajia jina na seva, ambavyo nitavikadiria kwa 150,000 kwa mwaka, wala matunzo, ambayo nitayakadiria kwa 50,000 kila miezi mitatu. Makadirio hayo uyahakiki kwa bei utakazopewa. Kwa miaka mitatu yanakuwa 450,000 na 600,000, na ukijumlisha na gharama ya kutengeneza unafika 1,550,000. Kwa hiyo lile pendekezo lililoonekana rahisi kuliko yote limekaribiana na Wix kiasi kwamba bei haiwezi kuwa ndiyo ya kuamua kati yao. Tofauti hujitokeza kuanzia mwaka wa nne, ambapo WordPress itakugharimu kama 350,000 kwa mwaka na Wix itabaki palepale au kupanda.

Wix na huduma zinazofanana nayo zina jambo moja jema ambalo mafundi wengi wa tovuti hawapendi kulikubali: hutahitaji kusasisha programu wala kuogopa kwamba seva imevamiwa, kwa sababu hayo yote yamo kwenye malipo ya mwezi. Kama binti yako ana jicho zuri, ana muda, na hatarajii kuolewa au kuhamia mkoani kikazi mwaka ujao, anaweza kukutengenezea kurasa nzuri kwa siku chache. Kasoro yake ni kubwa pia. Wix wenyewe wanaeleza kwamba tovuti iliyojengwa kwao haiwezi kuhamishiwa kwenye seva nyingine. Ukitaka kuondoka unachukua jina lako, unanakili maandishi na picha kwa mkono, na kurasa unazijenga upya. Malipo ni ya dola na kwa kawaida hukatwa kwenye kadi ya benki, kwa hiyo siku kadi inapokwisha muda wake au salio halitoshi, tovuti inasimama. Umekwisha kuonja jinsi hilo linavyouma.

WordPress ni programu huria, yaani ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuibadilisha bure, iliyoanza mwaka 2003, na kwa hesabu za W3Techs, wanaopima teknolojia zinazotumika kwenye tovuti, ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Faida yake kubwa kwako haihusu urembo. Faida ni kwamba kijana huyu akitoweka, Dar es Salaam nzima imejaa watu wanaoweza kuifungua na kuiendeleza, na mafaili yote unaweza kuyabeba kutoka seva moja kwenda nyingine. Muulize jambo moja, maana hapa watu huchanganyikiwa: je, ataweka programu huria ya WordPress kwenye seva utakayoilipia wewe, au atafungua akaunti kwenye WordPress.com, ambayo ni huduma ya kampuni yenye vifurushi na masharti yake? Unayoitaka ni ile ya kwanza.

Ubaya wa WordPress ni kwamba inahitaji kuangaliwa. Programu yenyewe hujisasisha marekebisho madogo ya usalama bila kuguswa tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013. Hatari kubwa hutokana na programu-jalizi, yaani vile viongezeo vinavyowekwa ili kupata fomu, matunzio ya picha na mengineyo, ambavyo hutengenezwa na watu mbalimbali na vingine huachwa bila kuendelezwa. Tovuti ya karakana yako isiwe na zaidi ya programu-jalizi tano au sita, zote ziwekwe katika hali ya kujisasisha zenyewe, na kisiwemo kiolezo (mpangilio wa mwonekano uliokwisha kutengenezwa) cha kulipia kilichoibwa. Hili la mwisho lisisitize kwa kijana, kwa sababu nakala za wizi huzungushwa bure na mara nyingi zimefichwa ndani yake msimbo unaogeuza tovuti kuwa ubao wa matangazo ya kamari au dawa. Mwenye karakana huja kujua siku mteja anapomtumia picha ya skrini.

Kuhusu kampuni, nisingependa kuidhulumu bila kuijua. Shilingi 3,200,000 si wizi kama ndani yake mnakuja kupigiwa picha za kitaalamu, mnaandikiwa maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, mnafunguliwa barua pepe za jina lenu, na mnafundishwa. Waombe wakuandikie mchanganuo. Waulize pia tovuti itajengwa kwa programu gani, kwa sababu kama wataandika kila kitu tangu mwanzo kwa mtindo wao, hakuna fundi mwingine atakayetaka kuigusa, na zile 80,000 hutaweza kuziacha hata ukizichoka. Na hizo 80,000 zenyewe ni za kazi ipi? Kwa duka la mtandaoni linalopokea oda kila siku, kiasi hicho kinaweza kuwa halali kabisa. Kwa kurasa tano zinazobadilika picha mara moja kwa mwezi, kazi ya kweli ni saa chache kwa kila miezi mitatu.

Njia ya nne ambayo hukuletewa ni kurasa tuli, yaani kurasa zilizoandikwa moja kwa moja bila programu ya kuziendesha nyuma yake. Hazihitaji kusasishwa, ni vigumu kuzivamia, na huduma kama Cloudflare Pages huzihifadhi bila malipo. Ningekupendekezea kama ungekuwa na mtu wa karibu anayejua kuandika kurasa hizo, kwa sababu kubadilisha picha ya kitanda kunahitaji kugusa mafaili yenyewe. Kwa kuwa hukutaja mtu kama huyo, naiacha hapo.

Ushauri wangu ni kumchukua kijana wa WordPress, kwa masharti utakayoyaandika wewe. Jina na seva vifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, ulipe wewe mwenyewe kwa msajili, na risiti zije kwako. Yeye apewe akaunti yake ndani ya WordPress, ambayo unaweza kuifuta siku mkiachana, na wewe uwe na akaunti ya msimamizi mkuu. Barua pepe utakayoitumia iwe yako binafsi, isiwe ya mhudumu wa dukani, na iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, kwa maana anayeishika barua pepe hiyo ameshika kila kitu. Malipo uyagawe: 200,000 mnapoanza, 150,000 kurasa zikionekana, na 150,000 za mwisho baada ya kukuonesha jambo ambalo wengi hulikwepa, yaani kuirudisha tovuti kutoka kwenye nakala rudufu, ile nakala ya akiba ya tovuti nzima. Kila mtu husema anaweka nakala. Mwambie akae nawe, afute ukurasa mmoja, kisha aurudishe mbele ya macho yako. Nakala hizo zihifadhiwe mahali tofauti na seva, kwa mfano kwenye Google Drive yako, kwani nakala iliyo ndani ya seva ile ile hupotea pamoja nayo. Programu-jalizi ya UpdraftPlus hufanya kazi hiyo hata kwa toleo lake la bure.

Unaponunua seva, angalia bei ya mwaka wa pili. Wauzaji wengi, wa nje hasa, hutangaza bei ndogo ya mwaka wa kwanza, na unapohuisha unakuta imezidi maradufu. Kufuli linaloonekana kwenye kivinjari, yaani cheti cha usalama, lisikutoe fedha za ziada. Let's Encrypt imekuwa ikitoa vyeti hivyo bure tangu mwishoni mwa 2015, na seva nzuri hukiweka na kukihuisha yenyewe. Uliza pia seva ipo wapi, kwa sababu muuzaji mwenye ofisi Posta anaweza kuwa anauza nafasi iliyopo Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilitetereka vibaya, na tovuti zilizohifadhiwa nje zilikuwa ngumu kufikiwa na watu waliopo hapa. Wateja wako wengi wapo Dar es Salaam, Pwani na Zanzibar, kwa hiyo seva ya ndani ina mantiki kama bei na huduma zake ni nzuri. Kama muuzaji wa ndani hajibu simu, seva ya nje inayosimama imara ni bora kuliko yeye.

Nikushike kidogo kwenye picha, maana samani huuzwa kwa macho. Chukua simu yako, piga picha ya kitanda cha mninga, uangalie ukubwa wa faili. Kwa simu nyingi za sasa utakuta ni megabaiti 4 hivi. Picha 30 za namna hiyo ni megabaiti 120, na mteja aliye kwenye daladala na bando la siku atafunga ukurasa kabla kitanda cha tatu hakijaonekana. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa upana hadi pikseli 1,600 na kuhifadhiwa kwa mfumo wa WebP hushuka hadi kilobaiti 200 au pungufu, na kwa macho ya mteja haina tofauti. Picha 30 sasa ni megabaiti 6. Programu ya bure ya Squoosh hufanya hivyo ndani ya kivinjari, na binti yako anaweza kuwa ndiye mwenye kazi hiyo. Piga picha asubuhi au jioni nje ya karakana, ondoa vumbi la randa na makopo ya vanishi, na kwa kila samani andika aina ya mbao, vipimo kwa sentimita, na muda wa kuitengeneza. Meneja wa hoteli anayetaka vitanda 24 atavipima vipimo hivyo dhidi ya vyumba vyake kabla hajakupigia.

Kuhusu kupokea malipo ndani ya tovuti, kwa sasa nakushauri usiyaweke. Bei ya kochi la oda haijulikani mpaka mteja amechagua kitambaa, mbao na kipimo, na desturi yenu ni kupokea malipo ya awali, kazi ikaanza, kisha salio siku ya kukabidhi. Mfumo wa malipo haufahamu mapatano ya namna hiyo. Utahitaji kujisajili na kampuni ya kuunganisha malipo, kama Selcom au Pesapal, utakatwa asilimia kwa kila muamala, na tovuti itahitaji ulinzi na uangalizi mkubwa zaidi, ambao ndio unaozaa zile 80,000 za kila mwezi. Weka badala yake kitufe cha WhatsApp chini ya kila picha, kwa kiungo cha wa.me kinachofuatiwa na namba yako kuanzia 255, chenye ujumbe uliokwisha kuandikwa kwamba mteja anaulizia samani fulani. Fedha ziendelee kuingia kwa Lipa Namba na benki, kwa risiti yako. Siku mtakapoanza kuuza vitu vya bei moja, kama stuli au rafu ndogo zilizo tayari stoo, mtalifikiria tena.

Kitufe hicho kina faida nyingine. Fomu inayokusanya majina na namba za watu hukuingiza kwenye wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kwa biashara ndogo ni busara kutokusanya taarifa ambazo huna mpango nazo. Sheria hiyo haiishii kwenye tovuti, kwa hiyo daftari na simu yenye namba za wateja navyo vitunzwe kwa uangalifu.

Mtu akikuahidi kwamba utakuwa wa kwanza Google, usimlipe kwa ajili ya ahadi hiyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuitoa kwa uhakika. Unachoweza kufanya mwenyewe bila senti ni kufungua wasifu wa biashara kwenye Google, kuthibitisha mahali ilipo karakana, kuweka picha na saa za kazi, na kuwaomba wateja walioridhika waandike maoni yao. Mtu anayetafuta samani Keko kwa simu huonyeshwa kwanza ramani na maduka yaliyo juu yake, na hapo unaweza kuonekana hata kabla tovuti haijakamilika.

Kazi ya kusajili jina na kufungua akaunti usiifanye kwa simu na kijana akiwa kwake. Mwite karakana, fungueni kompyuta yako, kila nywila uiandike wewe, naye akuelekeze tu. Ni kazi ya asubuhi moja. Kama jina la biashara yako linatumiwa na mtu mwingine kwa kujifanya ni wewe, au tovuti ya zamani imefufuka ikiwa na mambo ya aibu huku ikitaja namba yako, hapo umepita kiwango cha ushauri wa maandishi: chukua cheti cha BRELA na picha za skrini zenye tarehe, umwone wakili, na kwa jina la .tz peleka pia malalamiko TCRA. Kama uliwahi kuitumia nywila moja kwa tovuti ile, barua pepe na akaunti ya benki, zibadilishe zote leo kabla hujampigia kijana. Na hoteli ya Bagamoyo ikiomba mkataba wa vitanda 24 wenye adhabu ya kuchelewa, mwoneshe mwanasheria kabla ya kutia sahihi, huku meneja ukimtumia kwa sasa katalogi ya PDF yenye picha na vipimo kupitia barua pepe ya jina lako jipya, ambayo inaweza kufanya kazi wiki hii hii, kabla ya ukurasa hata mmoja wa tovuti kukamilika.